Zimamoto waje nyumbani kabla hawajaitwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu elimu ya moto inayotolewa na vikosi vya zimamoto kwa wananchi. Inapofika Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, tarehe 4 Mei, mambo huwa yale yale: gari jekundu linaegeshwa uwanjani, ngazi inanyanyuliwa, watoto wanavalishwa kofia ngumu, maji yanarushwa juu, na afisa mwenye kipaza sauti anawaasa watu wawe makini na moto. Hatuna ugomvi na sherehe. Lakini mzazi anayerudi kwake kutoka uwanjani bado hajui kama mpira wa jiko lake la gesi umepitwa na muda, wala kama mwanawe anaweza kufungua grili ya dirisha gizani. "Kuwa makini" si maelekezo. Tunachoomba ni kwamba nguvu inayotumika uwanjani ihamishiwe kwenye ziara za nyumbani, chumba kwa chumba, na ziara hizo zihesabiwe kuwa kazi kamili ya zimamoto, si kazi ya kupoteza muda kusubiri simu.

Sababu ni dakika. Sebule ya siku hizi, yenye makochi ya sponji, mapazia ya nailoni na zulia la plastiki, inaweza kufika hatua ya kulipuka moto yote kwa pamoja ndani ya dakika tatu hadi tano tangu mwali wa kwanza. Joto karibu na dari linapofika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kila kilichomo kinashika moto kwa mkupuo mmoja, moshi wenyewe ukiwemo. Samani za mbao, pamba na sufu zilikuwa zikichukua muda mrefu zaidi, pengine hata nusu saa. Sasa jumlisha muda wa mtu kushtuka, kutafuta simu na kueleza alipo, muda wa askari kuvaa na kupanda garini, na muda wa dereva kupenya kwenye magari. Hata kikosi chepesi kuliko vyote kitakuta mengi yameshaamuliwa.

Hapo hapo tujibu lawama inayosikika karibu kila moto: "wamekuja bila maji". Mara nyingi maji yalikuwepo, yakaisha. Magari mengi ya kuzima moto hubeba kati ya lita 1,500 na 4,000. Mpira mmoja wa kuzimia ukitoa lita 450 kwa dakika, tangi la lita 1,800 linamalizika kwa dakika nne. Mipira miwili, dakika mbili. Baada ya hapo kazi inategemea haidranti, yaani bomba la mtaani la kuchotea maji ya kuzimia moto, au gari la pili la maji. Kwa hiyo haidranti iliyofukiwa kwa kifusi, au iliyoegeshewa gari juu yake, ni tatizo la mtaa mzima kabla halijawa la kikosi. Vivyo hivyo njia. Gari lina upana wa karibu mita 2.5 bila kuhesabu vioo, nalo linahitaji nafasi ya kukata kona na ya askari kufungua milango ya pembeni kutoa vifaa. Afisa wa elimu ya moto anayejua kazi yake hutembea mtaa kwa miguu pamoja na viongozi wa mtaa huo, anaonyesha kila haidranti ilipo, anataja lango linalobana na nyaya zilizoning'inia chini. Watu wakishaiona hesabu ya maji kwa macho yao, lawama hupungua na njia huanza kuachwa wazi.

Turudi ndani. Ziara nzuri ya nyumbani huchukua kama saa moja, na ingefaa ianzie chumba cha kulala, si jikoni kama wengi wanavyozoea. Jikoni ndiko moto mwingi unakoanzia, lakini moto wa usiku, watu wakiwa wamelala, ndio unaozika familia nzima. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi kabla mwali haujawafikia. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni; na sponji ya godoro ikiungua huongeza hidrojeni sayanaidi, gesi nyingine ya sumu. Kuna imani kwamba harufu itamwamsha mtu. Haimwamshi; pua hulala pamoja na mwenyewe. Kinachoamsha ni sauti.

Ndiyo maana king'ora cha moshi ni kifaa cha kwanza kuzungumziwa, na hapa vikosi vingi hukosea kwa nia njema: vinagawa ving'ora mkutanoni, watu wanakwenda navyo nyumbani, navyo vinabaki kwenye maboksi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani, katika kampeni yake ya moto wa nyumbani iliyoanza mwaka 2014, liliamua kwamba watu wake waingie ndani, wakipachike kifaa wenyewe na kupanga na familia namna ya kutoka. Huo ndio mfano wa kufuata. Kipachikwe kwenye dari, mbali na kona na mbali na feni au dirisha linaloweza kupuliza moshi pembeni. Kikiwekwa ukutani, kisishuke zaidi ya sentimita 30 chini ya dari, kwa kuwa moshi moto hupanda kwanza. Inavyotakiwa ni kimoja katika kila chumba cha kulala, kimoja kwenye korido iliyo nje ya vyumba hivyo, na kimoja katika kila ghorofa. Uwezo ukiruhusu kimoja tu, kiende korido ya vyumba vya kulala.

Kasoro inayovifanya ving'ora visisaidie ni moja na inajulikana: kimewekwa karibu na jiko, kinalia kila mtu akikaanga, mwenye nyumba anachoka, anatoa betri. Dawa yake si kumkaripia. Kisogezwe angalau mita tatu kutoka jikoni, na kama bado kinasumbua, kibadilishwe kiwe cha aina inayotambua moshi kwa mwanga, ambayo haishtuki ovyo kwa mvuke na moshi wa mapishi kama ile ya ayoni, inayotambua moshi kwa chembe zenye chaji ya umeme. Kitufe cha majaribio kibonyezwe kila mwezi, vumbi lifutwe, na kifaa chote kibadilishwe kikifikisha miaka 10 tangu tarehe iliyoandikwa mgongoni, hata kama bado kinalia. Kitambuzi cha ndani huchakaa.

Baada ya king'ora, mlango. Mlango wa chumba cha kulala ukifungwa usiku huzuia moshi na joto kwa dakika kadhaa. Ukiachwa wazi, chumba hakina tofauti na korido inayoungua. Watu wengi huacha milango wazi ili wawasikie watoto. Tunawaelewa, na jibu letu ni king'ora ndani ya chumba cha mtoto, mlango ukiwa umefungwa. Mtu akiamka na kusikia king'ora asifungue mlango kwa pupa. Aguse ubao na kitasa kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, njia hiyo imekufa: azibe upenyo wa chini kwa nguo, aende dirishani. Ukiwa wa kawaida, afungue kidogo akiwa ameinama, na kama kuna moshi atambae, kwa sababu hewa inayovutika huwa chini.

Na dirisha lenyewe? Hapa ndipo usalama wa mwizi unapogongana na usalama wa moto. Grili zilizochomelewa ukutani pande zote hugeuza chumba kuwa selo. Kila chumba cha kulala kiwe na angalau dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba na inafunguka kutoka ndani, na ufunguo utundikwe kwenye msumari karibu na dirisha hilo, pale mtoto mkubwa anapofika lakini mkono wa mtu aliye nje haufiki. Kufuli la ndani la mlango wa mbele nalo ufunguo wake uwe na mahali pamoja usiku kucha. Ufunguo unaohama mfukoni mwa suruali ni hatari kuliko waya uliochubuka. Mzimamoto aliyekuja kwa ziara azime taa, aombe mmoja wa familia afungue grili hiyo gizani. Kutu, bawaba iliyopakwa rangi, kabati lililosogezwa mbele ya dirisha: vyote hujitokeza katika jaribio hilo moja, na hakuna hotuba inayoweza kuvigundua.

Kisha familia ipange njia mbili za kutoka katika kila chumba, nani anambeba mtoto mchanga, nani anamshika mkono mzee, na mahali pa kukutania nje, penye alama isiyohama. Wafanye zoezi mara mbili kwa mwaka, mojawapo usiku. Aliyetoka harudi ndani, si kwa simu, si kwa vyeti. Kama kuna mtu amebaki, askari aambiwe mtu huyo yuko chumba gani.

Jikoni tuna mambo mawili ya kukazia. La kwanza ni mafuta ya kukaangia. Mafuta yakiachwa motoni hutoa moshi kwanza, halafu yakipita nyuzi 350 hivi huwaka yenyewe bila kuguswa na mwali. Maji yakimwagwa juu yake huzama chini ya mafuta, huchemka papo hapo na kugeuka mvuke unaochukua nafasi kama mara 1,700 ya maji yenyewe. Mvuke huo hurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Namna sahihi ni kuzima jiko kama swichi au koki inafikika bila kupitisha mkono juu ya mwali, kisha kufunika kwa mfuniko wa bati au sinia pana, ukitelezesha kutoka upande wako kwenda mbele. Halafu usifunue. Mafuta bado yana joto la kuwaka upya, na hewa ikirudi moto hurudi. Yaachwe nusu saa au zaidi, mpaka sufuria ipoe kabisa. Kosa la pili baada ya maji ni kukimbia na sufuria kuelekea nje: mlango hupuliza mwali usoni, mtu anaiachia, moto unamwagika sakafuni.

La pili ni gesi, na hapa tuna neno na wenzetu. Onyesho la kuwasha mtungi na kuuzima kwa gunia bichi linapendwa sana uwanjani. Linamwondolea mtu woga, ni kweli, lakini linaweza kumfunza nusu ya somo. Ukiua mwali bila kufunga valvu, gesi inaendelea kutoka kimya kimya mpaka ikutane na kaa au cheche, na safari hii haitawaka, italipuka. Cha kwanza ni valvu. Moto ukiwa kwenye mpira au kwenye kichomeo na valvu inafikika, funga, mwali utakufa wenyewe. Valvu isipofikika, mwali uachwe uwake, watu watoke, na zimamoto waambiwe wazi kwamba kuna mtungi na uko chumba gani.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni, inajaa chini ya makabati na kwenye mitaro ya maji machafu, na ikifika karibu asilimia 2 ya hewa inaweza kushika moto. Harufu yake imetiwa kiwandani makusudi. Ukiinusa, usiwashe taa, na usiizime pia, maana swichi hutoa cheche ikienda upande wowote. Funga valvu, fungua milango na madirisha, toka nje, simu ipigwe huko nje. Ukaguzi wa kawaida ni wa dakika tano. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo yatoe povu, zima vichomeo vyote, fungua valvu ya mtungi, kisha paka povu kwenye unganiko la regulata, kwenye ncha zote mbili za mpira na kwenye urefu wake wote. Viputo vikikua, pana uvujaji. Kiberiti si kipimo.

Makosa yanayojirudia ni haya: mpira uliofungwa kwa waya badala ya klipu, mpira uliounganishwa vipande viwili, mpira unaopita nyuma ya jiko ambako joto linaukausha hadi unapasuka, na kimpira cha regulata kilichopotea wakati wa kubadilisha mtungi. Soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira. Ukipita muda wake, au ukikunja ukaona nyufa, utupe. Mtungi usimame wima siku zote. Anayeulaza ili amalizie kilichobaki anaruhusu gesi ya majimaji iingie kwenye regulata, na mwali wa jiko unaweza kuruka ghafla. Usiku funga kwenye mtungi, si kwenye kitufe cha jiko peke yake.

Mafuta ya taa na mkaa tuyapitie haraka. Taa au jiko la mafuta halijazwi likiwa linawaka, na petroli haichanganywi na mafuta ya taa hata kijiko, kwa kuwa petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Jiko la mkaa haliingii chumba cha kulala, hata mkaa ukiwa umebaki majivu mekundu, kwa sababu ile ile ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mshumaa uwe juu ya kitu kisichoungua, sentimita 30 mbali na pazia, na mwenye kuuwasha auzime kabla ya kulala.

Umeme unahitaji hesabu kidogo. Soketi ya ampea 13 katika umeme wa volti 230 hubeba karibu wati 3,000. Ukichomeka birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 kwenye ekstensheni moja, umeshapita. Ekstensheni iliyoviringishwa hupata joto zaidi kwa sababu waya hauna pa kupumulia, kwa hiyo ikunjuliwe yote na isipitishwe chini ya zulia. Plagi yenye joto mkononi, soketi yenye doa la kahawia, au breka inayokatika kila mara ni taarifa, nayo hupelekwa kwa fundi aliyesajiliwa. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuondoa kitu pekee kilichokuwa kinaulinda waya ulio ndani ya ukuta. Na betri za lithiamu, hasa za baiskeli na pikipiki za umeme, zisichajiwe kwenye korido au mlangoni: zikiharibika huwaka kwa kasi na kutoa moshi mwingi wa sumu, nazo zitakuwa zimekalia njia ya kutokea.

Kizimamoto cha mkononi kina nafasi yake, mradi watu waambiwe ukweli kwamba kile kidogo cha unga cha kilo moja huisha ndani ya sekunde 10 hivi. Vuta pini, simama kama mita mbili, mdomo uelekee kitako cha moto na si ncha za miali, bana mpini, fagia kushoto na kulia, huku mlango ukiwa nyuma yako. Moto ukishagusa dari, au chumba kikijaa moshi, hiyo si kazi yako tena: toka na ufunge mlango. Kikae karibu na njia ya kutokea, si juu ya jiko ambako hutakifikia. Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba yaliyo baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila barafu, dawa ya meno wala mafuta.

Haya yote hayatafika kokote kama watu hawafungui mlango, na watu hawafungui kwa sababu sare huwakumbusha faini. Kikosi kitenganishe ukaguzi wa kisheria wa majengo ya biashara na ziara ya ushauri nyumbani, kiseme hivyo tangu hodi ya kwanza, na kisipeleke majina kokote. Ziara zifanywe jioni na mwisho wa wiki, wapishi na wenye nyumba wakiwepo, na wapangaji waulizwe wao wenyewe, si mwenye nyumba peke yake. Katika kila timu kuwe na mwanamke, maana ziara inaanzia chumbani. Kipaumbele kiende kwa wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, wenye watoto wadogo na wanaovuta sigara ndani. Na nyumba ikiungua, kikosi kirudi mtaa huo ndani ya siku chache, kwani hakuna wakati majirani wanaposikiliza vizuri kuliko huo.

Mwisho, ombi kwa wakuu wa vikosi kuhusu takwimu wanazotangaza. "Tumewafikia wananchi elfu kadhaa" haituambii kitu. Fomu ya ziara iwe ukurasa mmoja wenye nakala mbili, moja ibaki kwa familia ikiwa na namba ya simu ya kituo kwa herufi kubwa na maneno ya kuelekezea nyumba hiyo, ambayo hata mtoto anaweza kuyasoma simuni. Nakala ya kikosi irudi mlangoni baada ya miezi sita, na itangazwe ni ving'ora vingapi vililia vilipobonyezwa, ni grili ngapi zilifunguka gizani, na ni mipira mingapi ya gesi iliyobadilishwa tangu ziara ya kwanza.

Wakufunzi wa kinga dhidi ya moto